Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu waliokufa na kilichowaua

Ukurasa huu unahusu vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi, vikasambaa hadi Uganda, Kongo, Malawi, Zambia na Msumbiji. Upande mmoja walikuwa Wajerumani, wenye koloni la Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa pili walikuwa Waingereza, Wabelgiji na Wareno. Ninaposema "jeshi la Uingereza", msomaji asiwaze Wazungu watupu. Humo kulikuwa na Wahindi, Makaburu na watu wengine wa Afrika Kusini, Wanigeria, watu wa Ghana ya leo, na askari wa King's African Rifles, yaani KAR, ambao kufikia 1918 ndio walioubeba mzigo mkubwa wa mapigano.

Waliokufa walikuwa wangapi?

Inategemea unamhesabu nani, na hilo si jibu la kukwepa swali.

Ukihesabu askari wa jeshi la Uingereza peke yao, idadi inayotajwa ni vifo 11,189 kati ya watu 126,972 waliopita katika vita hivi, yaani karibu asilimia 9. Wabelgiji walipoteza askari kama 2,600. Ukiishia hapo utadhani ni vita vidogo vya pembeni, maana duniani kote wanajeshi waliokufa kati ya 1914 na 1918 walizidi milioni tisa.

Sasa ongeza wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo ya jeshi vichwani. Kwa upande wa Uingereza peke yake, makisio ambayo wanahistoria wengi wanayatumia ni wapagazi 95,000 waliokufa, na wapo wanaofikisha laki moja na zaidi. Katika hao, kama 45,000 walitoka Kenya ya leo. Hao ni karibu mwanamume mmoja kati ya kila wanane wa nchi hiyo. Wabelgiji nao wanahesabiwa wapagazi 15,650. Kwa maneno mengine, kila askari mmoja wa jeshi la Uingereza aliyekufa, nyuma yake kuna wapagazi wanane waliokwisha kuzikwa, au wasiozikwa kabisa.

Na Wajerumani? Ludwig Boell, ofisa wao aliyekuja kuandika historia ya vita hivi, alikiri kwamba hesabu ya wapagazi, vibarua na maboi wao waliopotea haiwezi kupatikana, kwa kuwa kumbukumbu za wagonjwa hazikuwekwa. Basi jumla yoyote utakayoiona mtandaoni ikiwa na namba kamili hadi ya mwisho, itilie shaka.

Kwa nini wapagazi hawamo katika idadi ya wanajeshi waliokufa?

Kwa sababu kisheria hawakuwa wanajeshi. Askari alikuwa na namba, kikosi, bunduki iliyoandikwa kwa jina lake na ofisa aliyetakiwa kueleza amepotelea wapi. Mpagazi aliandikwa kuwa mfuasi wa jeshi, na mara nyingi hata hilo halikufanyika. Kikosi kikipita kijijini na kikapungukiwa watu, vijana walikamatwa hapohapo, wakabebeshwa mizigo siku kadhaa, na anayekufa njiani hakuwa na karatasi popote duniani inayosema aliwahi kuchukuliwa.

Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyeanzisha Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, mjini Nairobi mwaka 1914, alijitahidi kuwaandikisha na kuwatetea watu wake. Lakini idara yake ilikuwa ndogo, na jeshi lilikuwa likidai watu kila wiki. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni huko London aliandika baadaye, kwa uwazi unaouma, kwamba vita hivi vilinusurika kuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi ni wapagazi, na nani anayewajali wapagazi wenyeji.

Nini kiliua zaidi: risasi au maradhi?

Maradhi, tena kwa mbali.

Hesabu moja ya askari wa jeshi la Uingereza inaonyesha 3,443 waliouawa vitani na 6,558 waliokufa kwa magonjwa. Usishangae kwamba jumla yake haifikii ile 11,189 niliyotaja juu; kila aliyehesabu alikuwa na mipaka yake. Uwiano ndio wa kuutazama. Katika KAR peke yake, waliokufa kwa maradhi walikuwa 3,039, na hao walikuwa watu wa ukanda huuhuu, waliozoea jua na mvua zake. Kwa wapagazi uwiano unakuwa mkali zaidi, maana wengi wao hawakuwahi hata kumwona adui.

Mwaka 1916 ndio ulikuwa mbaya kupita yote kwa askari waliotoka nje. Mwaka huo, kwa kila mtu mmoja aliyepigwa risasi au kujeruhiwa, zaidi ya 31 walitolewa kwenye safu kwa ugonjwa. Kikosi cha Tisa cha Askari wa Miguu cha Afrika Kusini kilifika Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba, wenye afya ya kuweza kusimama kazini walikuwa 116, na mapigano makubwa kilikuwa hakijayaona. Jan Smuts, jenerali aliyekuwa akiongoza jeshi la Uingereza, alilazimika kuwarudisha kwao maelfu ya Wazungu wa Afrika Kusini na kuingiza Waafrika zaidi mahali pao.

Ulaya mambo yalikuwa kinyume. Kule Ufaransa na Ubelgiji mizinga mikubwa ndiyo iliyosababisha majeraha mengi, na madaktari walikuwa wamejifunza chanjo, maji safi na usafi wa vyoo vya jeshi. Miaka michache tu kabla yake, katika vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, jeshi hilohilo la Uingereza lilikuwa limepoteza kwa magonjwa watu wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Ujuzi ulikuwepo, basi, ila msituni haukuwafuata, na kwa mpagazi ulichelewa zaidi.

Maradhi gani hasa?

Kuhara damu ndiko kulikoongoza kwa wapagazi. Kisha homa ya mapafu, hasa kwa watu wa nyanda za joto waliopandishwa milimani au kulazwa kwenye matope bila blanketi, na kwa watu wa milimani walioteremshwa Rufiji. Malaria iliwaangusha wote, lakini iliwaumiza zaidi wageni na watu waliotoka maeneo ya baridi yasiyo na mbu wengi, kama nyanda za juu za Kenya. Kulikuwa pia na ndui, homa ya uti wa mgongo na homa inayogeuza mkojo kuwa mweusi.

Halafu kuna vile ambavyo karani asingeviandika kama chanzo cha kifo. Funza, kwa mfano. Mpagazi alitembea peku. Funza wakiingia kwenye vidole na wasitolewe vizuri, kidonda kinaoza, mguu unavimba, na mtu anayeishi kwa miguu yake anabaki nyuma ya msafara. Anayebaki nyuma hapati posho. Hapo utaandika alikufa kwa funza, kwa donda ndugu au kwa njaa?

Unga wa mahindi unawezaje kuua mtu?

Swali hili huulizwa kwa mshangao, na ndilo linaloeleza vifo vya wapagazi kuliko jingine lolote.

Chukua mtu aliyekulia kwenye matoke, au kwenye ulezi na mtama, au kwenye viazi na maziwa. Mpe unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye makapi na punje nusunusu, labda umekaa ghalani bandarini na kwenye behewa hadi umeanza kuchacha. Ametembea tangu alfajiri na mzigo wa kilo 25 kichwani. Anafika kambini giza limeingia, mvua inanyesha, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu kadhaa na kila mmoja ana njaa. Ugali mzuri unataka moto wa kutosha na muda wa kuusonga. Huyu anakoroga unga kwenye maji ya vuguvugu na kula uji mbichi, au analamba unga mkavu. Makapi yanakwangua utumbo. Siku ya tatu anahara. Siku ya sita anahara damu. Maji anayokunywa yametoka kwenye dimbwi ambalo msafara uliotangulia nao ulikuwa ukihara pembeni yake.

Madaktari wa jeshi waliligundua hilo. Walieleza kwamba chakula kigeni kisichoiva ndicho kilichokuwa kikifungua njia ya kuhara damu, na baada ya muda kambi kubwa zikawekewa wapishi ili wapagazi wapewe chakula kilichopikwa tayari. Hali ikawa afadhali pale kambini. Mbele huko, njiani, mpagazi aliendelea kujipikia mwenyewe.

Kulikuwa na kikosi kidogo kinachoonyesha mambo haya yote kwa mara moja. Mwisho wa 1916 visiwa vya Shelisheli vilileta wapagazi karibu 800. Watu hawa walitoka mahali pasipo na malaria, na chakula chao kilikuwa kingine kabisa. Katika miezi michache zaidi ya 200 walikuwa wamekufa kwa malaria, kuhara damu na beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini, na waliosalia wakarudishwa kwao mwaka 1917.

Kwa nini hawakutumia treni, magari au farasi badala ya vichwa vya watu?

Walitumia, na vikawashinda. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ilikuwa imekamilika mwaka 1914, lakini Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja na kuharibu injini. Magari mepesi yalifaa wakati wa kiangazi, mvua zikianza yakazama kwenye udongo mweusi. Mvua za mwanzoni mwa 1917 zilifunika bonde la Rufiji kiasi kwamba sehemu za njia zilipitika kwa mtumbwi.

Wanyama walikufa kwa mbung'o. Katika miezi michache ya nusu ya pili ya 1916, farasi, nyumbu, ng'ombe wa kukokota na punda walikufa kwa makumi ya maelfu kati ya reli na Rufiji. Njia ilijaa mizoga, nzi, na maji yaliyooza. Jeshi likabaki na kitu kimoja cha kubebea mizigo, nacho ni binadamu.

Na hesabu ya binadamu ina ukatili wake. Mtu anabeba kilo 25 na anakula kama kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 za mzigo wake, na aliyeko mbele anapata kilo tano. Ukitaka kumfikishia askari mmoja chakula cha mwezi unahitaji msururu wa watu. Njia ikirefuka kidogo, amri inatoka ya kupunguza posho ya mpagazi, kwa sababu ya askari haiguswi. Ndiyo maana nasema vifo vingi vya wapagazi vilipangwa kwenye karatasi za ugavi, ofisini, kabla mtu hajachukua mzigo. Majenerali waliosonga mbele kwa kasi mwaka 1916 walijua maghala yao yako umbali gani.

Ni kweli nyuki waliwaua Waingereza Tanga?

Nyuki walikuwepo, na kuuma waliuma. Novemba 1914 jeshi la Wahindi na Waingereza, kama watu 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, lilishuka Tanga likidhani mji ni wao. Wajerumani walikuwa kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Risasi zilipasua mizinga ya nyuki kwenye mashamba na nyuki wakashambulia kila aliyekuwa karibu, pamoja na wapiga bombomu wa Kijerumani. Kutoka hapo likazaliwa jina la Vita vya Nyuki, na hata uvumi kwamba Wajerumani walitega mizinga kwa kamba. Uvumi huo ni wa kuwafariji walioshindwa.

Waliokufa upande wa Uingereza, kama 360, waliuawa kwa bunduki na bombomu, kwa upelelezi mbovu na kwa uongozi uliolala. Upande wa Wajerumani walikufa kama 70. Waingereza waliporudi melini waliacha mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi 600,000, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia dhidi yao kwa muda mrefu.

Mapigano gani yaliua watu wengi zaidi?

Mahiwa, karibu na Nyangao, njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi, Oktoba 15 hadi 18, 1917. Upande wa Uingereza waliingia watu kama 4,900, na 2,700 kati yao waliuawa au kujeruhiwa. Wanigeria waliumia sana hapo. Wajerumani walikuwa kama 1,500 na wakapoteza kati ya 500 na 600. Kwa namba walishinda, ila hawakuwa na watu wengine wa kujaza nafasi wala risasi za kutosha, na mwezi uliofuata wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Wasomaji wengi wa Tanzania wanaijua Tanga na hawajawahi kuisikia Mahiwa.

Kwa nini Wajerumani hawakuangamizwa na malaria kama Waingereza?

Waliugua, lakini walikuwa wamejiandaa. Kule Amani, milimani Usambara, walikuwa na taasisi ya utafiti iliyokuwa na miti ya kwinini. Meli za Waingereza zilipofunga pwani, wanasayansi wa Amani wakatengeneza kwinini kutokana na magome. Baadaye, walipoipoteza Usambara, waliendelea kuchemsha magome wakiwa njiani na kunywa maji yake machungu, wakiyaita Lettow-Schnaps kwa mzaha. Walikuwa pia na madaktari wengi kwa ukubwa wa jeshi lao, na askari wao walikuwa watu wa nchi hii, waliotembea na wake zao waliowapikia chakula wanachokijua. Watoto walizaliwa njiani. Wangapi katika wanawake na watoto hao walikufa, hakuna aliyehesabu.

Watu wanaoisifu mbinu ya Lettow-Vorbeck husahau ilikula nini. Jeshi lake liliishi kwa kuchukua chakula cha vijiji na watu wake. Mpagazi wa Wajerumani mara nyingi hakulipwa chochote, na mgonjwa aliachwa.

Wapagazi walijiunga kwa hiari?

Mwanzoni, baadhi yao ndiyo. Mwaka 1914 mshahara ulikuwa kati ya rupia 10 na 15 kwa mwezi na wapo waliouona ni kazi. Mwaka 1915 sheria ya kulazimisha ilipitishwa katika koloni la Uingereza la Afrika Mashariki, na mshahara wa wapya ukashushwa hadi rupia 5. Mwaka 1917 John Ainsworth, kamishna wa mkoa, aliteuliwa kukusanya watu kwa wingi, na ndani ya miezi michache zaidi ya laki moja walichukuliwa. Machifu walipewa idadi ya kutimiza. Vijana wakalala porini, wengine wakakimbilia mashamba ya walowezi ambako kibarua hakukamatwa kirahisi. Kwa jumla, katika makoloni yote, watu waliochukuliwa na upande wa Uingereza wanakisiwa kufikia milioni moja.

Waliopinga wazi walikuwepo. Nyasaland, Malawi ya leo, mchungaji John Chilembwe aliandika barua ya hadhara mwishoni mwa 1914 akiuliza kwa nini Waafrika wamwage damu kwa ugomvi usio wao, baada ya mapigano ya Karonga kuua wenyeji. Januari 1915 akaongoza uasi, akauawa siku chache baadaye.

Raia wanahesabiwa?

Kwa kawaida hapana, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Ukichukua ng'ombe, nafaka na vijana wote wenye nguvu ya kulima, halafu mvua ikakataa, njaa inayofuata ni sehemu ya vita.

Ugogo ndiko inakoonekana vizuri zaidi. Wilaya ya Dodoma ilikuwa njia panda ya majeshi. Wajerumani walichukua mifugo na nafaka wakati wa kuondoka, Waingereza wakachukua vingine walipoingia pamoja na maelfu ya wapagazi, na mwaka 1917 mvua zikaharibika. Njaa iliyofuata, Wagogo wanaiita Mtunya, ilidumu hadi 1920. Inakisiwa iliua watu 30,000 katika eneo lenye watu kama 150,000. Rwanda nayo ilikuwa na njaa yake, Rumanura, miaka hiyohiyo ya majeshi kupita. Kwa ujumla wake, makisio ya raia waliokufa kwa njaa katika koloni lote la Wajerumani, Rwanda na Burundi zikiwemo, ni kama 300,000.

Kisha, Septemba 1918, yakaingia mafua ya Kihispania, yakasafiri kwa meli, kwa treni na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirudi nyumbani. Kwa Kenya ya leo peke yake, makisio ya waliokufa ni kati ya 160,000 na 200,000.

Vita viliisha Novemba 11, 1918. Kwa nini kuna makaburi ya tarehe za baadaye?

Huku habari zilichelewa. Lettow-Vorbeck alipata taarifa ya kusimamisha mapigano akiwa karibu na mto Chambeshi, Zambia ya leo, na akasalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Novemba 25. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na maelfu ya wapagazi na wanawake. Walipokuwa wakipelekwa Tabora kusubiri kuruhusiwa, mafua yaliwakuta na kuua wengi wakiwa wameshaweka silaha chini. Kwenye kambi za wapagazi upande wa Uingereza ilikuwa vilevile: mtu amemaliza kazi, anangojea karatasi na mshahara, anakufa kwenye foleni ya kurudi kwao.

Familia zilipewa taarifa au fedha?

Chache. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuchukuliwa, kwa kuwa ndugu hawakupatikana au hawakuambiwa. Watkins na maofisa wengine wachache walitaka fedha hizo zitumike kwa manufaa ya watu wa maeneo yaliyotoa wapagazi. Wizara zikavutana miaka mingi na London ikakataa.

Makaburi yao yako wapi?

Ya Wazungu, na baadhi ya Wahindi na askari wa KAR, utayaona yakitunzwa vizuri Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Morogoro, Iringa, Taveta, Voi na Nairobi. Kila jiwe lina jina, namba, kikosi na tarehe. Tembea katika mistari hiyo utafute wapagazi, na utatoka mikono mitupu.

Haikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba wafu wote wataenziwa sawa. Katika Afrika Mashariki, maofisa waliamua katika miaka ya 1920 kwamba makaburi mengi ya Waafrika yaachwe yarudi kuwa pori, na kumbukumbu iwe ya mnara wa jumla usio na majina. Aprili 2021 tume hiyohiyo ilichapisha ripoti kuhusu historia yake na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, Waafrika na Wahindi wengi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hilo la pili ni wa Afrika Mashariki na Misri.

Januari 2025, Cape Town ilizindua kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa wakifanya kazi za jeshi barani Afrika bila kuwa na makaburi yanayojulikana. Majina yalipatikana kwenye nyaraka zilizokuwa zimekaa tu. Ninalitaja kwa sababu husemwa sana kwamba "majina hayapo".

Na ile Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam?

Ndiyo mnara wenyewe wa jumla. Ulisimamishwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na ndugu zake wako Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayapo. Dar es Salaam sanamu ni ya askari mmoja mwenye bunduki; Nairobi angalau mpagazi naye amesimama.

Kambi za wapagazi, kwa upande wake, zimebaki kwenye ramani za miji: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Vita vya Pili vilikuwa hivihivi?

Hapana. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944, katika Divisheni ya 11, waliugua malaria na homa nyingine kwa wingi, lakini dawa, ndege za kushusha chakula na hospitali za karibu zilipunguza vifo. Pigo kubwa la siku moja lilitokea baharini: Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Meli ilizama kwa dakika chache.

Babu wa babu yangu alichukuliwa kuwa mpagazi na hakurudi. Nitafutaje?

Anza nyumbani. Kabla ya jina, tafuta wilaya, chifu wa wakati ule, na mwaka aliochukuliwa. Mwaka unaweza kupatikana kwa tukio, kama njaa au mafua, hata kama wazee hawana tarehe. Andika jina la baba na la ukoo pia, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia, na Mkamba au Mnyamwezi mmoja anaweza kuonekana kwa tahajia tatu.

Kama alikuwa askari wa KAR, tovuti ya tume ya makaburi hutafutika kwa jina bila malipo. Kama alikuwa mpagazi, nafasi ni ndogo hapo. Nenda kwenye nyaraka za taifa: Nairobi, Dar es Salaam au Zomba kule Malawi, kutegemea alikochukuliwa. Omba ripoti za wilaya na barua za mkuu wa wilaya za 1917 hadi 1920, pamoja na mafaili ya mishahara isiyodaiwa. Ripoti nyingi zinataja watu wangapi walitoka kila tarafa na wangapi walirudi, bila majina. Mafaili ya mishahara ndiyo yenye majina mara nyingine. Kama alichukuliwa na Wajerumani, baada ya kuanza nyumbani tafuta kumbukumbu za misheni iliyokuwa karibu na kijiji chake, hasa vitabu vya ubatizo na ndoa, ambavyo wakati mwingine padri aliongeza pembeni kwamba fulani alikwenda vitani.